Fundi Aliyeizeesha Santuri

Jumapili saa nne asubuhi, Bhabatosh Kundu alikuwa akifungua mabawa yote mawili ya dirisha lake la chini, na kichochoro kizima cha Taltala kikajua kwamba maneno yamekwisha. Watu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye baraza la nje, wengine wamejifunika shali, wengine wamevaa zile kofia za sufu zinazoacha macho na pua tu, kila mmoja na kikombe chake cha udongo cha chai. Sheria zilikuwa mbili. Santuri ikianza kuzunguka, hakuna kusema. Na hakuna kuinuka mpaka upande umalizike. Aliyekohoa alitazamwa. Aliyekohoa mara ya pili alikwenda kukoholea barabara kuu.

Upande wa kwanza ulikuwa raga, ule muziki wa kale wa Kihindi, na lazima iwe raga ya asubuhi, kwa kuwa raga ina saa yake kama sala ilivyo na saa yake, na Bhabatosh alikuwa mkali kwa hilo kuliko waimbaji wenyewe. Upande wa pili ulikuwa jazi. Hapo hapakuwa na sheria ya saa. Alisema watu wa jazi walinyimwa mambo mengi mno duniani, na yeye hawezi kuwanyima na asubuhi pia.

Alikuwa fundi wa tramu, amestaafu, miaka sitini na minne, mwembamba, mwenye vidole ambavyo grisi ilikuwa imekataa kuvitoka. Hakuzaliwa katika nyumba ya muziki. Raga alizipata kando ya njia. Siku za ujana wake, matamasha makubwa ya msimu wa baridi yalikuwa na makochi mbele kwa ajili ya wafadhili na wake zao, na nje ya lango, chini ya kipaza sauti, waliketi juu ya magazeti makarani, walimu, wachapaji na mafundi kama yeye. Ndani kwenye makochi watu walisinzia. Nje kwenye magazeti hakusinzia mtu. Anayesema kwamba muziki ule ni mali ya manawabu, wale watawala wa zamani, na matajiri hajawahi kulitazama lango lile kutokea nje. Nawabu alilipa, sawa. Lakini waliouweka hai ni wale waliorudi nyumbani na wino wa gazeti kwenye suruali.

Jazi nayo aliipata mlangoni. Akitoka kazini alipita Park Street kwa makusudi, akasimama karibu na mkahawa uliokuwa na bendi, na kila bawabu alipomfungulia mteja, tarumbeta ilitoka nje kwa sekunde tatu. Nyimbo nzima alizijua kwa vipande vya sekunde tatu tatu, na akawa na kinyongo cha kweli na wateja wanaoingia kwa haraka.

Mashine ya santuri aliichukua kwa familia moja iliyokuwa ikihamia Australia. Ilikuwa mbovu. Kile kijigurudumu kinachokaa kwenye mota na kuvuta mkanda kilikuwa kimevunjika, na mjini hapakuwa na kingine. Bhabatosh akakichukua kipande cha shaba, akakikereza mwenyewe kwa mashine ya karakana wakati wa chakula cha mchana, siku nne mfululizo bila kula. Kikakaa sawasawa. Tangu hapo, kila Septemba, siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, mafundi wa mji mzima walipokuwa wakiosha zana zao na kuzivisha maua, yeye alikichomoa kijigurudumu chake, akakipiga msasa laini, kisha kitambaa, mpaka akayaona meno yake mwenyewe yakimrudia kwenye shaba. Halafu akakivisha ua moja la manjano. Alifanya hivyo mara thelathini na moja.

Na katika santuri zake zote, mia tatu na zaidi, iliyokuwa moyoni ilikuwa moja. Ilikuwa ya Kifayat Khan, mpiga sarangi, ile fidla nene iliyochongwa kwa gogo moja, inayopigwa kwa kuteleza kucha kando ya nyuzi badala ya kuzibonyeza. Upande mmoja, raga Todi, ya asubuhi iliyokomaa kabla ya adhuhuri. Kifayat Khan hakurekodi nyingine. Bhabatosh aliipiga Jumapili moja kila mwezi, na kila mara aliwaambia watu wa baraza maneno yale yale: sikilizeni subira ya mtu huyu. Wenzake wote wanakimbia. Huyu anatembea.

Basi fundi mmoja wa ala za muziki alipomwambia, wakati anamfungia waya kwenye kitu kingine kabisa, kwamba Kifayat Khan yu hai, yuko Metiabruz, mtaa wa nawabu wa zamani, ana miaka sabini na minane na hajapiga mbele ya mtu kwa miaka tisa, Bhabatosh alisahau kilichompeleka pale. Alipanda basi siku hiyo hiyo.

Alikuta mzee mrefu aliyekunjika, amekaa kitandani na shali ya kahawia, na sarangi imefunikwa pembeni kama mgonjwa wa pili. Khan Saheb alimkaribisha kwa adabu zote za Metiabruz, chai, biskuti, maswali ya afya ya watu wa nyumbani, kisha akamkatalia. Bhabatosh akarudi wiki iliyofuata. Akakataliwa tena, na biskuti. Mara ya nne mzee alichoka kuwa mpole.

"Wewe fundi, nikuulize. Tramu ikiharibika, mnaipeleka barabarani watu waione?"

"Hapana, Khan Saheb."

"Basi mimi ni tramu. Vidole vimekufa. Pale ambapo mkono ulikuwa unakwenda kama mvua, sasa unadondoka kama bomba bovu. Unataka watu wako wakae barazani wahesabu matone?"

Bhabatosh alimwambia kwamba hakumpendea mvua. Alimweleza juu ya santuri, juu ya subira, juu ya kutembea. Mzee alimsikiliza kwa macho yaliyofumbwa nusu. Yeye mwenyewe hakuwa na santuri ile. Nakala yake ilivunjika siku za mafuriko, na miaka ishirini hakuwa ameisikia. Mwishoni alisema kwamba atakwenda Taltala Jumapili, kusikiliza tu. Akiisikia, na akaona kwamba mtu aliye ndani ya santuri bado yupo hata kidogo katika vidole vyake, atafungua kitambaa na kupiga. Akiona hayupo, Bhabatosh asirudi tena Metiabruz, hata kwa salamu.

Bhabatosh alikubali bila kufikiri. Kichochoro kizima kilijua kabla ya giza kuingia.

Sasa, kulikuwa na Neville Rozario. Alikuwa amehamia nyumba ya pembeni baada ya Diwali, mzee wa miaka sabini mwenye masharubu yaliyotunzwa, aliyepiga saksafoni katika hoteli za Park Street mpaka hoteli zikaona kanda za muziki ni rahisi kuliko watu. Inawezekana kabisa kwamba alikuwa mmoja wa zile sekunde tatu. Alhamisi ile alikuja na saksafoni yake, kwa kuwa Bhabatosh alikuwa na santuri ya mpigaji mmoja wa Chikago ambayo Neville naye aliwahi kuwa nayo, na alitaka kupiga pamoja nayo kama zamani.

Bhabatosh aliweka sindano. Neville akapuliza noti mbili, akaacha. Akakivuta kidomo cha saksafoni, kile cha kupulizia, akapuliza tena, akaacha. Akamtazama mwenzake kwa huruma, kama daktari.

"Bhabo, ndugu yangu. Huyu Mmarekani yuko chini."

"Chini wapi?"

"Chini. Wimbo huu nimeupiga miaka arobaini, naujua unapokaa. Mashine yako inachechemea."

Bhabatosh alimwambia kwamba mashine ile ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba labda saksafoni ndiyo iliyolewa. Neville hakukasirika. Alimwambia santuri ikizunguka polepole sauti hushuka, basi ahesabu. Dakika tatu, mizunguko mia moja, hiyo ndiyo hesabu ya santuri za namna ile dunia nzima. Kwa hiyo wakabandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa santuri, Neville akashika saa, Bhabatosh akahesabu kwa sauti. Dakika tatu zilipoisha alikuwa amefika tisini na tatu.

Wakahesabu tena. Tisini na tatu.

Anima, mke wa Bhabatosh, alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Hakuwahi kulitaja jina la mumewe katika miaka thelathini na minane ya ndoa, kama walivyokuwa wanawake wa rika lake, lakini hilo halikumzuia kumwambia jambo lolote.

"We, unasikia? Nilikwambia wali unabonyea. Miaka yote naupika kwa upande mmoja wa santuri. Zamani ulikuwa unatoka umechambuka. Siku hizi upande ukiisha, wali ushakuwa uji. Ukasema ni mchele wa duka la serikali."

"Shemeji," alisema Neville, "wewe ndiye mwenye sikio nyumba hii."

Bhabatosh alikwisha kukichomoa kijigurudumu. Alikipima kwa kipimo chake cha chuma, akatafuta kwenye daftari la zamani kipimo alichokiandika siku alipokikereza. Msasa wa miaka thelathini na moja ulikuwa umekila kama ulimi unavyokula pipi. Kila mwaka kidogo, na kila kilipopungua kilivuta mkanda polepole zaidi. Kila mwaka kwa heshima na ua la manjano.

Hakuwahi kugundua kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumshtua. Kwenye tamasha kila mwimbaji wa raga hukamata sauti yake ya msingi pale koo lake linapomwachia, mmoja juu, mwingine chini, na hakuna anayeuliza. Na polepole ni polepole. Ilikuja mwaka kwa mwaka, kama mvi.

Usiku huo hakulala. Neville alikuwa amempa dawa kabla ya kuondoka, utepe wa gundi uzungushwe kwenye shaba mpaka mizunguko ifike mia. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini akiuweka utepe, Jumapili Khan Saheb ataisikia ile mvua, mwendo halisi wa kijana wa miaka thelathini na mitano, na ataikunja shali yake na kwenda zake. Asipouweka, atampa mzee uongo uliosagwa kwa msasa na kuuita subira. Na ile subira aliyoihubiri barazani miaka yote ilikuwa ya nani? Aliona haya peke yake, katika giza, mpaka masikio yakamchoma.

Asubuhi aliuzungusha utepe. Alikuwa fundi. Kitu ama kinazunguka mia ama hakizunguki.

Jumapili baraza lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za nyumba ya mbele. Khan Saheb alikuja kwa teksi, na sarangi yake kwenye kitambaa, maana alisema ikiachwa peke yake nyumbani inanuna. Alikula luchi mbili za Anima, zile chapati ndogo za kukaangwa, akazisifu, akafuta vidole, akakaa kwenye kiti cha pekee chenye mikono. Bhabatosh aliweka sindano bila kutoa ile hotuba yake. Wengine waliona.

Todi ilitoka dirishani kali na nyepesi. Watu wa baraza walitazamana chini ya kofia zao. Walikuwa wanaijua santuri ile, na hii haikuwa yenyewe. Ilikuwa na haraka ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Ilipofika sehemu ya kasi, kucha za yule kijana zilipita juu ya nyuzi hata huwezi kuzitenga. Ilikuwa nzuri. Hakuna atakayesema haikuwa nzuri. Khan Saheb alisikiliza, mikono yake ikiwa imelala magotini, na ile ya kushoto haikutikisika hata mara moja. Upande ulipokwisha alitafuta fimbo yake.

"Mtoto hodari," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu amrehemu. Hayupo, fundi. Nilikwambia. Niitie teksi."

Hakuna aliyesogea. Na Bhabatosh, aliyekuwa amewanyamazisha watu wa kichochoro kile kwa miaka yote hiyo, alisimama mbele yao na kusema kwamba alichokisikia Khan Saheb ndiyo santuri ya kweli, na kwamba yeye, Bhabatosh Kundu, hakuwa ameisikia kwa miaka mingi. Akawaeleza juu ya shaba, juu ya msasa, juu ya tisini na tatu. Akakiri kwamba ile subira aliyowahubiria ilikuwa kosa lake mwenyewe la ufundi. Mtu mmoja ngazini alicheka, mwenzake akampiga kiwiko.

"Lakini yule niliyempenda si huyu hodari, Khan Saheb. Nisamehe. Nilimpenda mwingine. Naomba umsikie kabla hujaondoka. Dakika ishirini tu."

"Ishirini na moja na nusu," alisema Anima kutoka jikoni.

Khan Saheb hakukaa, lakini hakwenda. Bhabatosh akaubandua utepe kwa kucha, akarudisha mkanda, akaweka sindano mwanzoni.

Sauti ilishuka ikajaa chumba. Ilikuwa raga ile ile, mkono ule ule, lakini mzigo mwingine. Pale ambapo kijana aliruka kutoka noti hadi noti, huyu alivuta, akapita katikati, akasimama kidogo njiani kama mtu anayekumbuka jina la jirani aliyehama. Khan Saheb alibaki amesimama na fimbo yake. Baada ya muda akajiegemeza ukutani. Baada ya muda mwingine akakaa. Ilipofika sehemu ya kasi, ambayo sasa haikuwa kasi sana, vidole vyake vya kushoto vilianza kutembea juu ya goti, na havikuachwa nyuma. Akavitazama kama vile ni vya mtu mwingine aliyekaa karibu yake.

Sindano ilipofika mwisho, mzee alicheka. Alicheka mpaka Anima akamletea maji.

"Kumbe mlikuwa naye huku," alisema. "Mimi namtafuta Metiabruz, kumbe ninyi mmemweka hapa Taltala mnamzeesha polepole. Huyu namjua. Huyu ana vidole vyangu." Akavuta pumzi. "Leteni sarangi. Na mtu yeyote asiguse mashine hiyo. Nataka kushusha nyuzi nilingane na huyo mzee."

Sasa, sarangi ina nyuzi tatu za kupiga, na chini yake thelathini na tano za kuitikia tu, na kila moja ina kigingi chake. Khan Saheb alizishusha zote, moja moja, sikio karibu na gogo, huku Bhabatosh akimrudishia sindano kila alipoiomba. Kazi hiyo ilichukua saa nzima na dakika kadhaa. Hapakuwa na santuri inayozunguka kwa haja ya kusikilizwa, kwa hiyo sheria haikuwahusu, na watu wangeweza kuinuka, kukohoa, kwenda sokoni, kwani ilikuwa Jumapili na samaki walikuwa wanaisha. Hakuna aliyekwenda. Nimewaona watu wenye makochi wakitazama saa zao kwa sababu mpiga tabla alikaza ngozi ya ngoma yake kwa dakika mbili. Hawa walikaa saa nzima juu ya saruji baridi wakimsikiliza mzee akizungusha vigingi.

Ila Bhabatosh alitazama saa ya ukutani. Saa sita ilikuwa imepita kwa dakika nne. Todi ilikuwa imefungiwa mlango. Alimwinamia mzee na kumwambia kwa shida kwamba asubuhi imetoka, labda raga ya mchana.

"Kwa saa ya nani?" aliuliza Khan Saheb bila kuinua kichwa. "Mimi nimelingana na mashine yako. Mashine yako iko nyuma. Kwayo bado asubuhi, tena tuna nafasi." Akainua macho kumtafuta Neville. "Wewe bwana wa bomba. Hapa hakuna tanpura ya kunishikia sauti ya msingi. Unaweza kukaa kwenye noti moja bila kunikera?"

Neville alipuliza polepole, akakunja uso. Noti ile, alisema, haimo kwenye saksafoni; iko kati ya mbili, hakuna mtu mwenye akili anayekaa hapo. Hata hivyo alikivuta kile kidomo nje kidogo, akajaribu, akakivuta tena mpaka kikakaribia kutoka, na sauti ikashuka ikakaa mle mle ambamo msasa wa Bhabatosh ulikuwa umeiacha.

Kifayat Khan akaanza kupiga. Hakupiga vizuri mwanzoni. Upinde ulikwaruza, na mara mbili kucha ilikosa njia, na kila mtu alisikia. Bhabatosh alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono ameishika pamoja kwa nguvu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na upinde. Kisha mzee akaacha kutafuta mvua. Akatembea. Alipofika mahali kidole kisipoweza kufika kwa wakati, hakukikimbiza, alikingoja, na Neville akamngojea pumzi kwa pumzi, na nyuzi zile thelathini na tano ziliitikia chini kwa chini kama watu wanaojibu kutoka chumba cha pili. Bhabatosh alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwenye santuri, haraka wala polepole: mzee akipumua puani kabla ya kila mshuko. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke, maana kuyafuta kungekuwa ni kusogea.

Alipiga dakika arobaini. Alipomaliza alibaki ameinama, na kidole cha pili cha mkono wa kushoto kilikuwa na damu kidogo pembeni ya ukucha, pale ngozi ngumu ya mpiga sarangi ilipokuwa imelainika kwa miaka tisa. Alikionyesha kwa Bhabatosh kwa majivuno, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Bhabatosh akauliza kama aite teksi.

"Nimekaa miaka tisa, unataka kunifukuza saa hii," alisema Khan Saheb. "Kwanza nile wali. Nasikia mkeo anaupika kwa Todi." Akaanza kuifunika sarangi, taratibu, akiacha vigingi vyote kama vilivyokuwa. "Na Jumapili ijayo uniletee teksi saa moja asubuhi. Nyuzi hizi hazikai mahali pamoja wiki nzima, na huyu bwana wa bomba anahitaji muda wa kujifunza kupumua."

"Saa moja mimi bado nalala," alisema Neville.

"Utaamshwa," alisema Anima, na akaenda kupakua.